Nyama na Maziwa Siku Moja

Jura, Ufaransa
13 Oktoba 1996

Mama mpendwa,

Chamgei. Habari yako, habari ya Baba na zamu za kiwandani, na bibi yangu Kogo, magoti yake yanaendeleaje na mvua hii? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenifanya nivae soksi mbili na kulala na kofia. Msinicheke.

Barua yako ilinifurahisha mpaka nilipofika mahali unaposema lori la maziwa limeshindwa na matope tena, na akina mama wakamwaga maziwa ya asubuhi kwenye mtaro. Hilo liliniuma. Waambie wanakikundi wavumilie. Nikirudi mwezi wa saba tutatengeneza jibini katika stoo ya mawe ya Kogo, na maziwa ya mvua hayatamwagwa tena. Nilimweleza mwalimu wangu wa jibini juu ya stoo ile, ukuta wake mnene na chemchemi inayopita nyuma, akasema watu wa huku hutumia pesa nyingi kujenga kitu cha namna hiyo. Na sisi tulikuwa tukiweka humo pareto tu.

Sasa nikueleze Jumamosi, kwa maana najua swali lako la kwanza ni hili: ulikula nini?

Odile, msichana tunayesoma naye, ana gari ndogo ya Renault, ile ambayo nyumbani tunaiita Roho. Alinichukua mimi na Ajwang. Ajwang ni yule Mkenya wa Kisumu niliyekutajia, anayesomea mambo ya maji katika mji wa jirani. Yeye husema alikuja kusoma lakini tumbo lake ndilo litakalopata digrii. Odile akatuambia leo hatutazami kanisa wala kasri, leo ni kula tu kutoka asubuhi mpaka jioni.

Tulianza sokoni katika mji mdogo. Mkate wa moto, asali nyeusi, karanga zao kubwa zenye ganda gumu, na mama mmoja mwenye mashavu mekundu aliyetukatia soseji iliyokaushwa kwa moshi. Ajwang alizunguka meza ya yule mama mara kadhaa akijifanya ni mteja mpya kila mara. Mama yule alimjua, akawa anamkatia tu.

Kutoka hapo tukaenda kwenye pango la jibini. Ni chumba kirefu chini ya ardhi, mbao juu ya mbao, na jibini zimelala humo kubwa kama gurudumu la mkokoteni. Mzee wa pale huzigonga kwa nyundo ndogo na kuinamisha sikio. Kuna aina moja ina mstari mweusi katikati, na nilipouliza wakaniambia ni majivu ya mkaa. Mama, nilisimama. Nikawaeleza kwamba kwetu tunasugua kibuyu kwa mkaa wa senetwet kabla ya kutia maziwa, na maziwa yakilala humo yanageuka mursik. Yule mzee akataka kujua mti huo ni mti gani, majani yake yakoje, tunauchoma vipi. Tulikaa naye muda mrefu. Nilipoonja kipande nilisikia uchachu wa nyumbani, sijui ni mkaa au ni hamu yangu tu.

Chakula cha mchana tulikula kwenye hoteli ya mkulima mmoja mlimani. Walileta nyama ya ndama iliyopikwa polepole ndani ya krimu na uyoga, laini mpaka kisu kilikuwa cha bure. Baada ya nyama wakaleta sinia la jibini, na baada ya jibini, maziwa matamu yaliyogandishwa. Nilikula vyote. Ajwang akanitazama akasema, "Wewe Mkipsigis, leo umekula ng'ombe, mtoto wake na maziwa yake kwa sitting moja. Kwenu si watakufukuza?" Tulicheka mpaka Odile akauliza ni nini.

Nisalimie wote. Siku hiyo nilifurahi sana, na nilitamani ungekuwa umekaa kando yangu.

Binti yako,
Janeffer


Boito
9 Novemba 1996

Mwanangu Janeffer,

Chamgei mising. Sisi tuko, Mungu anatusaidia. Baba ana kikohozi kidogo. Chai inachumwa, mahindi yamevunwa, Kogo magoti yake ni yale yale. Natumaini soksi zimefika tatu sasa.

Janeffer, umenitia kwenye shida ambayo sijui nianzie wapi kukueleza.

Unajua barua ya Ufaransa hapa si ya mtu mmoja. Ilipofika niliisoma jikoni kwa sauti, kama ninavyosoma zote. Kogo alikuwa kwenye kigoda chake, Phelis alikuwa amekuja na nusu ya kikundi. Wote walikuwa wanafurahia soko, soseji, jibini la mkaa. Kogo mwenyewe aliuliza kama hao wazungu wanajua kuchagua senetwet iliyokauka vizuri. Utamu ukanibeba, nikasoma kwa mbio, na nikafika kwa ndama kabla ya kujua nimefika. Ndama kwenye krimu. Kisha jibini. Kisha yale mengine ya kugandishwa. Ningeweza kuruka, lakini mdomo ulikuwa umeshasema.

Kogo aliweka kikombe chini. Akasema nirudie. Nikarudia, ningefanya nini.

Unamjua. Kwake yeye siku ya nyama maziwa hayaguswi, hata ya chai. Ukila nyama unakunywa maji ya chumvi na kungoja mpaka kesho, la sivyo ng'ombe aliyekamuliwa anaumwa kiwele. Tumeokoka, tunaenda kanisani kila Jumapili, lakini hilo hajaliacha, na anasema hata Musa aliwakataza wana wa Israeli jambo hilo hilo. Siku ile alikwenda kulala mapema.

Halafu Rosi akaumwa kiwele.

Nilimwita Kimeli, yule daktari wa mifugo wa Mogogosiek. Alitia dawa, akasema ni uchafu wa zizi na mvua nyingi, tubadilishe majani ya kulalia. Rosi amepona lakini chuchu moja imekufa. Kogo alimsikiliza Kimeli mpaka mwisho, akamshukuru, akampa chai. Kimeli alipoondoka, Kogo akasema mbele ya kikundi chote: "Mkono uliochanganya nyama na maziwa hautagusa maziwa ya ng'ombe wangu. Na hautaingia stoo yangu."

Sasa wewe fikiria. Kanisa limekusomesha, kikundi kimengoja, stoo ni yake, ng'ombe wengi ni wake. Ukikatazwa, mwaka wako wote wa huko ni bure, na sisi tunarudi kumwaga maziwa mtaroni.

Lakini nimepata njia. Andika barua nyingine ya kusomwa. Sema ulichanganya siku kwa sababu ya uchovu, kwamba nyama ilikuwa Jumamosi na jibini lilikuwa Jumapili jioni. Ni maneno machache tu, hayamdhuru mtu. Nitaisoma polepole, atasikia, na yataisha.

Ni mimi
Mama yako


Jura
24 Novemba 1996

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mpe Baba pole ya kikohozi. Theluji imeanguka huku, na mwalimu wetu alitucheka sisi wageni tulivyotoka nje kuishika.

Habari ya Rosi imenihuzunisha. Nilimkamua tangu uzao wake wa kwanza na namjua vizuri. Nimesoma barua yako mara nyingi, nimekasirika, nimelia kidogo, na sasa nimetulia ili nikujibu.

Sitaandika hiyo barua.

Nyama na jibini nilikula siku moja, meza moja. Wewe unajua, mimi najua, Ajwang anajua. Nikisema ilikuwa siku mbili, Kogo ataniruhusu niingie stoo yake kwa uongo, na kila asubuhi nitakapofungua mlango nitakuwa naingia na uongo huo. Siwezi kufanya kazi hivyo. Jibini linakaa miezi kabla ya kuliwa, Mama. Ukikosea siku ya kwanza hutaona kosa mpaka siku ya kukata. Mtu anayefanya kazi hiyo lazima aseme alichofanya, hata kama amekosea.

Lakini sikai tu. Nimeamua hivi: tangu leo sili nyama mpaka nirudi nyumbani. Shuleni lazima nionje maziwa na jibini kila siku, hilo siwezi kuacha, ndilo lililonileta. Kwa hiyo nyama ndiyo nitakayoiacha. Mwambie Kogo hivyo tu, bila kuongeza wala kupunguza. Mwambie nilikula, na mwambie nimeacha.

Nakuomba jambo moja. Msikimbilie kutafuta mahali pengine. Nyumba ya mabati haifai. Mchana inachemka, usiku inaganda, jibini litaoza kabla ya mwezi kuisha. Ni stoo ya Kogo au hatuna kitu.

Nakupenda, na najua utanikasirikia.

Binti yako,
Janeffer


Boito
5 Januari 1997

Janeffer,

Heri ya mwaka mpya. Tuko salama. Krismasi ilikuwa nzuri, Baba alichinja mbuzi, kanisa lilijaa, watu walikuulizia.

Nilimwambia Kogo maneno yako kama ulivyotaka. Alisema, "Nimesikia." Sasa kikundi kinaniuliza mimi. Phelis alisimama kwenye mkutano akasema, "Mwenyekiti, huyo binti wako ametumwa kusoma maziwa ama ametumwa kufunga?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nimekuwa mwenyekiti wa hawa watu tangu tulipoanza na kuku, na sijawahi kuchekwa mbele yao.

Kiptanui amejitolea kutupa kibanda chake pale senta, cha mabati, karibu na posho mill. Nimewaambia umesema mabati hayafai. Wakaniuliza, basi kinachofaa ni nini? Stoo ambayo mwenyewe amefunga? Tumekubaliana tungoje mpaka mwezi wa tano. Baada ya hapo kikundi kitachukua kibanda cha Kiptanui, ufurahi usifurahi.

Wewe ni mkaidi kama yeye. Mmefanana hata kichwa. Nilikupa maneno machache ya kutuokoa sote ukaniletea mahubiri ya jibini. Na sasa unakaa njaa kwenye nchi ya baridi, watu wataniambia mtoto wangu amekonda kwa sababu ya mama mkwe wangu. Kula, Janeffer. Ukiugua huko hakuna atakayekuletea uji.

Nimechoka. Ukipata fikira nyingine, niandikie. Kama ni hiyo hiyo, usijisumbue, nimeshaisikia.

Mama yako


Jura
6 Aprili 1997

Mama mpendwa,

Habari za Pasaka? Baba amepona kifua? Kogo je? Nimeandika mara mbili tangu barua yako na sijapata neno. Najua barua hazijapotea zote mbili. Umenikasirikia, na una haki. Bado nakuandikia.

Sijakonda. Nakula viazi, mayai, mkate na maharagwe, na jibini zaidi ya mtu yeyote wa Boito aliyewahi kuzaliwa. Fikira nyingine sina.

Nikueleze Pasaka ili ujue mambo yalivyo, mazuri na mabaya. Odile alitaka turudie siku yetu ya kula, safari hii mpaka kwa nyanya yake, kijiji cha juu zaidi. Tulipanda na ile Roho, Ajwang nyuma na kapu la mayai magotini. Njiani tulisimama kwa mfugaji mbuzi, tukanunua jibini bichi lililokuwa bado linatoa maji, na kwa mwoka mikate, na kwa mtu anayetengeneza siki kwenye mapipa. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Niliona mlima umejaa kijani nikajidanganya kwa muda kwamba nikikunja kona nitaona mashamba ya chai.

Nyanya yake Odile alikuwa amechoma mguu wa mwanakondoo. Aliamka mapema kwa ajili yetu, nyumba nzima ilinukia. Alinikatia kipande cha kwanza kwa sababu mimi ni mgeni wa mbali. Nikamwambia, kwa adabu yote niliyonayo, kwamba leo nimeshaonja maziwa ya mbuzi na kwa hiyo siwezi kula nyama. Odile alimweleza mwiko wa kwetu. Yule bibi alisikiliza, akasema kwamba katika nyumba yake mtu anakula anachopewa. Akaondoa sahani yangu, akaleta nyingine yenye viazi tu, na hakunisemesha tena. Ajwang alikula fungu langu, akanong'ona, "Janeffer, hata mimi naona aibu, na hii nyama ni tamu aje."

Niliona aibu pia, Mama. Nilikuwa nimemkosea mwenyeji wangu mezani kwake, jambo ambalo wewe ungenichapa kwa ajili yake. Wakati wa kuondoka nilimwomba msamaha, naye akanipa mkono bila kutabasamu. Hakukuwa na mapatano.

Nilifikiri sana kwenye gari. Nilijiuliza kama nafanya haya kwa ajili ya ng'ombe, na jibu ni hapana. Ninafanya kwa sababu niliambiwa mkono wangu hauaminiki, na sijui njia nyingine ya kuuonyesha kutoka umbali huu. Kwa hiyo nitaendelea mpaka mwisho. Mkichukua kibanda cha Kiptanui nitakuja kukifanyia kazi nikijua kitashindwa, na nitawaambia hivyo siku ya kwanza.

Tafadhali niandikie, hata kama ni kunigombeza tu.

Binti yako,
Janeffer


Boito
4 Mei 1997

Janeffer mwanangu,

Chamgei, chamgei. Sisi wazima. Baba amepona. Mvua ni nyingi, lori la maziwa halijapita tangu juma lililopita. Rosi amezaa ndama jike mwenye miguu myeupe.

Barua zako zote zimefika. Nilizisoma peke yangu na kuziweka. Hasira ilikuwa haijaisha. Sasa nina habari, na kabla sijakuambia nakuomba usicheke kwa sauti, maana mimi bado sijaweza kucheka.

Binti wa Kiptanui aliolewa. Unajua arusi za huku: wazee wanakaa hema lao, wanaletewa mursik kwa vibuyu na mikate, na vijana na akina mama wanakaa hema kubwa ambako chakula kinapakuliwa. Kogo huenda arusi zote na hukaa hema la wazee, na hajawahi kuvuka kuja kwetu. Safari hii mvua ilipiga na upepo ukaangusha hema la wazee. Vijana wakawabeba wazee na viti vyao, wakawaingiza kwetu katikati ya chakula.

Nilikuwa nimesimama karibu na sufuria. Mkono wa kushoto sahani ya nyama ya ng'ombe na wali. Mkono wa kulia kikombe cha chai ya maziwa. Nilikuwa nimeuma nyama. Kogo aliketishwa mbele yangu, karibu kama wewe na sahani yako. Kando yangu alikuwa Phelis, nyama na chai. Nyuma yake walikuwa wake wa Johana, nyama na chai. Kikundi kizima. Arusi ngapi tumekula hivyo, Janeffer, harambee ngapi, mikutano ya kanisa ngapi. Hata hatukuwa tunafikiria. Tukifika nyumbani kwake tunapangusa midomo na tunakunywa chai ya rangi kama watu wa heshima.

Kogo alitutazama mmoja mmoja. Alikula mkate wake, akasubiri mvua ipungue, akaomba kurudishwa nyumbani.

Kesho yake alituita wote jikoni. Akauliza, "Ni tangu lini?" Phelis akajaribu kusema, "Kogo, siku hizi mambo yamebadilika kidogo." Kogo akamwambia, "Sikuuliza kama yamebadilika. Nimeuliza ni tangu lini." Phelis akaangalia chini. Kogo akanigeukia mimi. "Wewe mke wa mwanangu. Ile siku ulinisomea barua ya mtoto, ulikuwa umekula nini siku hiyo?"

Nilikuwa nimetoka Litein, Janeffer. Nilikuwa nimekula nyama hotelini mchana. Na kikombe cha maziwa kilikuwa mkononi nikisoma.

Nikamwambia. Ningeficha nini tena.

Akakaa kwa muda akisugua magoti yake. Kisha akasema, na nakuandikia maneno yake kama yalivyo: "Nyinyi mmekula miaka yote hapa karibu na zizi langu, mkanyamaza. Huyu amekula mara moja, ng'ambo ya bahari, ambako nisingejua mpaka kufa, na akaandika kwa mkono wake. Mkono huo nilisema hauingii stoo yangu. Sasa ndio pekee ninaoujua ulifanya nini. Stoo ni yake. Nyinyi mtaingia akiwaita."

Ndivyo ilivyo. Mimi mwenyekiti nitabisha hodi kwa mtoto wangu. Nimeona aibu kiasi ambacho siwezi kukuandikia, na kubwa kuliko yote ni kwamba nilikutaka useme uongo ili kuficha kitu kidogo kuliko nilichokuwa nacho mwenyewe. Nisamehe.

Ana sharti moja. Siku ya kazi ya maziwa, yeyote atakayeingia stoo hali nyama, awe mkubwa au mdogo. Kikundi kimekubali. Wanangoja neno lako. Kiptanui ameambiwa aweke mahindi kibandani mwake.

Mama yako


Jura
25 Mei 1997

Mama, na Kogo, na wote mlio jikoni,

Chamgei nyote. Natumaini magoti ya Kogo yameona jua kidogo, na ndama wa Rosi ananyonya vizuri.

Mama, nilicheka kwa sauti, siwezi kukuficha. Kisha nikalia. Hakuna cha kusamehe kati yetu. Nilifurahi kuliko siku zote tangu nilipofika huku.

Barua hii naomba uisome yote kwa sauti. Usiruke hata mstari, hata ukiona vibaya.

Kogo, kongoi, asante sana. Nakubali stoo na nakubali sharti. Siku ya kazi hakuna nyama, na nitakuwa wa kwanza kulishika na wa kwanza kumrudisha nyumbani atakayelivunja, hata akiwa mwenyekiti. Nilishika sharti hilo huku miezi yote hii na limenigharimu, na nitaendelea kulishika kwa kuwa stoo ni yako na ng'ombe ni wako.

Lakini umesema unaujua mkono wangu kwa sababu haukuficha, kwa hiyo siwezi kuanza kuficha leo. Siamini kwamba Rosi aliumwa kwa sababu yangu. Naamini alivyosema Kimeli, uchafu wa zizi na mvua. Nimesoma ugonjwa huo hapa, nimeuona kwa macho. Nikirudi nitataka majani ya zizi yabadilishwe kila siku, viwele vioshwe kwa maji ya moto kabla ya kukamua, na kila mtu anawe mikono mpaka kwenye viwiko, na wewe pia, Kogo. Kama hilo linanifungia mlango tena, afadhali ufungwe sasa kabla sijafika.

Odile na Ajwang walinifanyia karamu ya kuagana mapema juzi. Ajwang alipika samaki, akabishana na Odile kama samaki ni nyama. Sikula. Sikujua Kogo angesema nini juu ya samaki, na sikutaka kukisia.

Mjukuu wako, binti yako,
Janeffer


Boito
12 Juni 1997

Mwanangu,

Chamgei mising. Wote wazima.

Nimemsomea yote. Nilipofika mahali pa Rosi niliona mstari unaokuja, na macho yangu yakataka kuruka, nakuambia ukweli. Phelis alikuwa ananitazama. Nikasoma, na mambo ya viwiko nikasoma pia.

Kogo alichochea moto uliotaka kuzima. Kisha akaniuliza, "Umesoma yote?" Nikasema yote. Akauliza, "Anasema mimi pia ninawe?" Nikasema ndivyo alivyoandika.

Akasema, "Hajui kitu juu ya ng'ombe, huyo. Mwambie aje haraka tubishane hapa. Kwenye karatasi siwezi kumjibu."

Jana aliwaamuru wanakikundi wafagie stoo, akakaa mlangoni siku nzima akiwaonyesha kona walizosahau. Kuhusu samaki anasema hajawahi kuulizwa swali hilo na anataka kulifikiria.

Njoo.

Mama yako